Jengo, Mtu na Maelezo: Picha za Kale za Uingereza kama Ushahidi wa Kihistoria

Utangulizi

Mnamo Agosti 1835, nyumbani kwake Lacock Abbey katika kaunti ya Wiltshire, William Henry Fox Talbot alielekeza kisanduku kidogo cha mbao chenye lenzi kwenye dirisha la nyumba hiyo. Karatasi iliyopakwa chumvi na madini ya fedha ilipokea umbo la dirisha: palipoingia mwanga pakawa peusi, na palipokuwa na fremu pakawa peupe. Kipande hicho, ambacho ukubwa wake haupishani sana na wa stempu ya barua, ndicho picha hasi kongwe zaidi inayojulikana kuwa imesalia. Talbot aliandika kando yake kwamba ilipokuwa mpya, vioo vya dirisha vipatavyo 200 viliweza kuhesabiwa kwa msaada wa lenzi ya kukuzia.

Picha hasi, basi, inaanza na jengo, na pia inaanza na maandishi yanayomweleza mtazamaji jambo ambalo macho yake peke yake yasingeligundua leo, kwa kuwa picha yenyewe imekwisha kufifia. Makala haya yanaeleza namna picha za kale za majengo, mahali na maisha ya kila siku ya Uingereza zilivyozaliwa, kwa sababu zipi, na kwa vipi zinaweza kutumiwa kama ushahidi. Hoja inayojengwa ni kwamba picha ya jengo hubeba mambo mengi kuliko yale aliyoyakusudia mpigaji. Hata hivyo, mambo hayo humfikia mtafiti kwa kadiri tu yanavyoruhusiwa na maelezo yaliyoambatana nayo na mpangilio wa hifadhi inamotunzwa. Ieleweke pia kuwa neno Uingereza, ambalo katika Kiswahili hutumika kwa nchi moja na pia kwa ufalme wote, linatumika hapa kwa maana yake finyu: Skotlandi na Welisi hazimo.

Kilichokusudiwa na kisichokusudiwa

Kati ya 1844 na 1846 Talbot alitoa kwa mafungu kitabu kiitwacho The Pencil of Nature, ambacho picha zake zilibandikwa kwa mkono. Katika maelezo ya picha ya vyombo vya kaure alidokeza kuwa, iwapo mwizi angeiba vyombo hivyo, picha yao ingeweza kutolewa mahakamani kama ushahidi wa namna mpya. Penginepo, akieleza picha ya lango la chuo kimoja cha Oxford, alisema kwamba mpiga picha mara nyingi hugundua baadaye vitu ambavyo hakuviona alipokuwa akipiga: maandishi ukutani, tarehe, hata uso wa saa ulio mbali unaoonyesha saa ambayo picha ilipigwa. Hakuna aliyekusudia kuandika saa hiyo, lakini imeandikwa.

Mtafiti wa majengo huishi kwa vitu vya namna hiyo. Picha iliyopigwa ili kuonyesha mnara wa kanisa humpa pia bei iliyobandikwa kwenye kidirisha cha duka, aina ya mawe ya barabarani, bomba la maji ya mvua lililopasuka, na kamba ya kuanikia nguo.

Hata hivyo kamera ya karne ya 19 haikupokea kila kitu kwa usawa. Mbinu ya Talbot iliyoitwa kalotipi, aliyoiwekea hataza mwaka 1841, na ile ya kolodioni iliyotangazwa na Frederick Scott Archer mwaka 1851, zote zilihitaji lenzi iachwe wazi kwa muda wa sekunde kadhaa, na wakati mwingine kwa dakika. Jengo halichezi, mtu hucheza. Aliyepita barabarani alifutika kabisa, na aliyesimama kidogo kisha akaondoka alibaki kama ukungu uliowekwa mbele ya ukuta. Isitoshe, kolodioni ilihisi mwanga wa buluu kuliko rangi nyingine, hivyo mbingu ilitoka nyeupe tupu hata siku yenye mawingu, huku matofali mekundu yakitoka meusi kuliko yalivyokuwa. Anayetazama picha ya mtaa wa London wa miaka ya 1850 na kuhitimisha kwamba mtaa ulikuwa mtulivu na nyumba zake zimejaa masizi, anaweza kuwa anasoma tabia ya kemikali badala ya tabia ya mtaa. Baada ya mabamba makavu ya jelatini kuenea, kutokana na jaribio la Richard Leach Maddox la mwaka 1871, muda wa kupiga ulipungua na watu wakaanza kuonekana mitaani. Kwa hiyo ongezeko la watu katika picha kuanzia miaka ya 1880 halina budi kuhesabiwa kwanza kama badiliko la vifaa, kabla ya kuhesabiwa kama badiliko la jamii.

Picha zilizopigwa kwa sababu ya bomoabomoa

Swali la kwanza ambalo mtafiti hupaswa kuliuliza picha ya jengo ni kwa nini ilipigwa. Majibu si mengi. Roger Fenton, katika miaka ya 1850, alipiga makanisa makuu na magofu ya abasia kwa ajili ya maonyesho na mauzo kwa watu wenye uwezo. Francis Frith, aliyekwisha kujipatia jina kwa picha zake za Misri, alianzisha kampuni huko Reigate kwa nia ya kupiga kila mji na kijiji; kampuni hiyo iliendelea baada ya kifo chake mwaka 1898 na ikaishi kwa biashara ya kadi za posta. Kadi ya posta huuza mahali, na kwa hiyo huonyesha gati, bustani na barabara kuu. Uchochoro wa nyuma haukuwa na mnunuzi.

Uchochoro huo ulipata mpiga picha pale tu ulipokaribia kuondolewa. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Oxford Arms, nyumba ya wageni ya zamani iliyokuwa karibu na Kanisa Kuu la St Paul's jijini London, yenye ua wa kupokelea magari ya farasi na roshani za mbao zilizozunguka ua huo. Reli ilikuwa imeua biashara ya magari ya farasi, na vyumba vya wasafiri vikageuka makazi ya wapangaji. Mwaka 1875, jengo lilipokuwa linangoja kubomolewa, Alfred Marks na wenzake waliwaagiza wapiga picha Alfred na John Bool kulipiga. Kutokana na kazi hiyo kilizaliwa chama cha kupiga picha za mabaki ya London ya kale, ambacho hadi 1886 kilikuwa kimetoa picha 120. Sehemu kubwa ya hizo zilipigwa na Henry Dixon. Chama kilichagua kuzichapisha kwa mbinu ya kaboni kwa sababu nakala za fedha hufifia. Uamuzi huo wa kiufundi unasema mengi: wanachama walitarajia picha iishi kuliko jengo, na hawakuonyesha matumaini makubwa ya kuliokoa jengo lenyewe.

Katika picha za Oxford Arms, nguo zimeanikwa kwenye roshani. Waliozifua walikuwa wapangaji ambao kwao ubomoaji ulimaanisha kuhama. Maelezo ya chama yanazungumzia umri wa jengo na historia yake. Wapangaji wamo katika picha kwa sababu tu nguo zao zilikuwa zimelowa siku hiyo.

Huko Leeds sababu ilikuwa kinyume. Eneo la Quarry Hill, lililojaa nyumba zilizobanana na nyua zisizopata hewa, lilipigwa picha mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20 ili kuthibitisha kuwa halifai kukaliwa na binadamu. Kamera iliwekwa mahali ambapo ukuta na ukuta vilionekana kukaribiana zaidi, na choo cha pamoja kikawekwa katikati ya fremu. Ubaya wa nyumba hizo haukuwa wa kubuniwa. Vifo vya watoto katika maeneo ya namna hiyo vilikuwa vya kweli. Lakini picha iliyopigwa kama hati ya mashtaka haikuwa na nafasi ya kuonyesha kile ambacho wakazi wenyewe wangekitetea, kama vile ujirani, ukaribu na kazi, na kodi ndogo. Mahali hapohapo, katika miaka ya 1930, baraza la mji lilijenga maghorofa 938 ya kisasa ambayo yalisifiwa na kupigwa picha kama ushindi. Maghorofa hayo nayo yalibomolewa mwaka 1978, na Peter Mitchell akapiga picha za ubomoaji wake, vyumba vikiwa vimebaki wazi na karatasi za ukutani zikionekana kutoka barabarani. Uwanja mmoja, basi, una mafungu matatu ya picha, na kila fungu lilipigwa na mtu aliyekuwa na jambo lake la kuthibitisha. Anayetumia fungu moja pekee ataandika historia ya mashtaka, ya sifa, au ya majonzi, kutegemea ni sanduku lipi lililofunguliwa mbele yake.

Maisha ya kila siku na maneno yanayoyaambatana

Ugumu huongezeka pale mtu anapokuwa katikati ya picha. Mwaka 1877 John Thomson, aliyekuwa amerudi kutoka safari ndefu za Asia, alianza kutoa pamoja na mwandishi Adolphe Smith mfululizo ulioitwa Street Life in London. Picha moja katika mfululizo huo inaonyesha mwanamke mwenye umri mkubwa ameketi kwenye ngazi za mawe, amejikunyata, na kichwa cha mtoto mchanga kimelala begani kwake. Atazamaye bila kusoma atasema ni mama, au bibi, na mtoto wake, na picha itakuwa imeishia katika huruma.

Maneno ya Smith yanasema jambo jingine. Mtoto si wa mwanamke huyo. Ni wa mwanamke mwingine aliyepata kazi katika mkahawa, naye humwacha mtoto kwa bibi huyu asiye na makazi, na malipo ya kutwa nzima ya ulezi ni chai na kipande cha mkate. Kwa sentensi chache picha ya ufukara inageuka kuwa picha ya mkataba wa kazi kati ya wanawake wawili, mmoja akiwa nje ya fremu. Mwanahistoria wa uchumi angeona hapa gharama ya malezi, saa za kazi na thamani ya mkate. Lakini picha hii imechapishwa mara nyingi pasipo maelezo hayo, na kila mara mwanamke wa mkahawa amepotea tena.

Uhusiano huo kati ya picha na maneno unaweza pia kupotosha. Bill Brandt, mzaliwa wa Hamburg, alitoa mwaka 1936 kitabu The English at Home, kilichoweka sebule za matajiri mkabala na jikoni za maskini. Baadhi ya watu wanaoonekana katika picha zake za miaka hiyo kama wageni waliokutwa mtaani au mezani walikuwa jamaa na marafiki zake waliokubali kuigiza. Nyumba ni za kweli, sare za watumishi ni za kweli, mpangilio wa meza ni wa kweli; tukio limetungwa. Mtafiti wa samani anaweza kuitumia picha hiyo kwa utulivu kuliko mtafiti wa mahusiano ya kitabaka, ingawa ni huyu wa pili ambaye huitafuta zaidi.

Humphrey Spender alijaribu njia tofauti. Kati ya 1937 na 1938 alifanya kazi Bolton, mji wa viwanda vya pamba, kwa ajili ya kundi la utafiti lililoitwa Mass-Observation. Alibeba kamera ndogo aina ya Leica chini ya koti na kupiga watu katika baa, mazishini na kwenye mistari ya nguo zilizoanikwa kati ya nyumba, wasijue. Hakuna aliyeigiza. Lakini hakuna aliyeombwa ruhusa pia, na Spender, aliyetoka katika tabaka la juu zaidi kuliko watu aliowapiga, alikiri baadaye kwamba kazi hiyo ilimsumbua. Inafaa kusema wazi kwamba ubora wa picha hizo kama ushahidi ulinunuliwa kwa gharama ya wale waliopigwa, na mtafiti anayezichapisha tena anairithi gharama hiyo.

Vita na masanduku ya kaunti

Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 ndege za Ujerumani ziliharibu sehemu kubwa ya mji wa Coventry pamoja na kanisa lake kuu. Wasanifu majengo walijua kwamba majengo mengi yaliyokuwa yanateketea hayakuwa yamechorwa wala kupigwa picha ipasavyo. Mapema mwaka 1941 ikaanzishwa asasi iitwayo National Buildings Record, Walter Godfrey akiwa mkurugenzi na John Summerson naibu wake. Kazi yake ilikuwa ya pande mbili: kukusanya picha na michoro iliyokwisha kuwapo mikononi mwa watu, na kutuma wapiga picha mahali palipopigwa mabomu au palipokuwa hatarini. Mwaka 1942 hatari hiyo ilipata sura ya ajabu, kwani mashambulizi dhidi ya Exeter, Bath, Norwich, York na Canterbury yalipewa jina la kitabu maarufu cha mwongozo wa watalii, Baedeker. Miji iliyosifiwa kwa uzuri iligeuzwa shabaha.

Miongoni mwa waliopiga picha kwa ajili ya asasi hiyo alikuwemo Helmut Gernsheim, mkimbizi kutoka Ujerumani ambaye serikali ya Uingereza ilikuwa imemweka kizuizini kama raia wa nchi adui na kumpeleka hadi Australia. Aliporudi, alikabidhiwa kupiga minara ya makaburi na sanamu za Westminster Abbey na St Paul's. Jina lake halionekani katika mawe aliyoyapiga, na mtazamaji wa kawaida hana njia ya kujua kwamba kumbukumbu ya mashujaa wa Uingereza ilihifadhiwa na mtu ambaye muda si mrefu kabla ya hapo alihesabiwa kuwa adui.

Kanisa la St Paul's linatoa pia mfano wa picha moja iliyosemeshwa mambo mawili. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1940 Herbert Mason alilipiga kuba lake likiwa limezungukwa na moshi. Gazeti la Daily Mail lililichapisha kama ishara ya mji usioshindwa. Wiki chache baadaye jarida moja la Berlin liliitumia picha hiyohiyo kuwaonyesha wasomaji wake kwamba London inaungua. Hakuna kati ya wahariri hao aliyehitaji kuunda picha nyingine.

Baada ya vita asasi hiyo haikufungwa. Ilipitia miunganiko kadhaa, na makusanyo yake leo yamo katika hifadhi ya Historic England mjini Swindon, katika jengo lililokuwa la kampuni ya reli. Jambo lenye uzito kwa hoja ya makala haya ni namna picha zake zilivyopangwa. Zilibandikwa kwenye kadi na kuwekwa katika masanduku mekundu kwa kufuata kaunti, kisha parokia au mji, kisha jengo. Kwa mtu anayetaka kujua paa la kanisa fulani lilikuwaje kabla ya 1942, hakuna mpangilio bora kuliko huo. Kwa mtu anayetafuta wafuaji nguo, wauza samaki, watoto au wageni kutoka ng'ambo, mpangilio huo ni ukuta. Watu hao wamo humo kwa maelfu, wamesimama mlangoni au wamekatwa nusu na ukingo wa picha, lakini hawana sanduku. Kuzigeuza picha hizo kuwa za kidijitali kumerahisisha kuzifikia. Hakukuongeza jina hata moja palipokuwa hapana jina.

Newstead, 1874

Kisa kimoja kinaonyesha uzito wa jambo hili kwa wasomi wa Afrika Mashariki. Newstead Abbey, huko Nottinghamshire, ni kasri lililotokana na nyumba ya watawa ya kale, nalo lilipata kuwa makazi ya mshairi Byron. Mwaka 1874 mwenyewe alikuwa William Frederick Webb, rafiki wa David Livingstone, ambaye aliwahi kukaa hapo akiandika. Katika mwaka huo walifika Abdullah Susi na James Chuma, watu wawili waliokuwa miongoni mwa viongozi wa msafara uliobeba mwili wa Livingstone kutoka kwa Chitambo hadi Bagamoyo. Mazishi ya Westminster Abbey yalifanyika tarehe 18 Aprili bila wao kuwapo. Walifika baadaye, nauli yao ikilipwa na James Young, mfadhili wa zamani wa Livingstone.

Picha iliyopigwa Newstead inawaonyesha Susi na Chuma pamoja na watoto wa Livingstone, Agnes na Thomas, na Kasisi Horace Waller, aliyekuwa akihariri shajara za mwisho za marehemu. Si picha ya kumbukumbu ya familia tu. Masimulizi ya siku za mwisho za Livingstone yaliyochapishwa mwishoni mwa mwaka huo yalitegemea maelezo ya watu hao wawili, kwa kuwa shajara inakoma siku chache kabla ya kifo. Kinachoonekana katika picha, kwa hiyo, ni mashahidi pamoja na mwandishi aliyeuchukua ushahidi wao. Wawili hao hawakukaa Uingereza. Walirejea, wakaongoza misafara mingine, na wote wawili walifia Zanzibar, Chuma mwaka 1882 na Susi mwaka 1891.

Picha hiyo inaweza kuorodheshwa chini ya Newstead Abbey, na hapo itamfikia mtafiti wa makasri. Inaweza kuorodheshwa chini ya Livingstone, na hapo Susi na Chuma watasomwa kama watumishi wa jina jingine. Inaweza kuorodheshwa chini ya majina yao wenyewe, mradi karani akubali kwamba Susi, aliyeandikwa kwa tahajia zaidi ya moja na kubatizwa David miaka mingi baadaye, ni mtu mmoja. Njia hizo hazizuiani, na gharama ya kuziandika zote tatu ni mistari michache.

Wakiwa Newstead, Susi na Chuma walijenga katika viwanja vya kasri kibanda cha mfano wa kile ambamo Livingstone alifia, nacho pia kilipigwa picha. Lilikuwa jengo lililosimamishwa katika ardhi ya Nottinghamshire na mtu wa Shupanga na mtu wa Uyao, kwa ujuzi waliokuja nao. Mtafiti anayepekua masanduku ya kaunti hiyo kwa kufuata majina ya makanisa na makasri hana sababu ya kukitafuta, isipokuwa awe amekwisha kujua kwamba kiliwahi kuwapo.